Sura ya Sita: Meno ya Bi. Mahira

Ripoti ya maiti ilimfikia Inspekta Ndinda Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi. Laiti ingemfikia jana yake, saa moja tu kabla hajatoka na pingu, mambo mengi yasingeharibika. Haraka haraka haina baraka, na Ndinda, mwanamke wa Kikamba aliyekulia mtaa wa Buxton hapa Mombasa, alikuwa akiusikia msemo huo tangu chekechea. Jana aliuvunja mbele ya watu kumi na wawili waliokuwa wakingoja zamu yao ya meno.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Bi. Mahira, mjane wa miaka sitini na miwili, mzaliwa wa Kuze, Mji wa Kale, alikuwa ameishi Leicester, Uingereza, zaidi ya miaka thelathini. Meno yake mawili ya chini yaling'oka, na kule Ulaya kumpandikizia mengine walimtajia bei ya kununulia kiwanja Kisauni. Akafanya wafanyavyo wenzake wengi siku hizi: akakata tikiti akaja zake Mombasa, atengenezwe meno kwa bei ya binadamu na huku ale mahamri ya kwao. Jumanne asubuhi alipandikizwa meno katika kliniki ya Daktari Riyadh, Tononoka. Jumatano alfajiri koo lilimziba, akafia njiani akikimbizwa hospitali. Maiti ilipimwa asubuhi hiyo hiyo, ikazikwa alasiri.

Kwa kuwa marehemu alikuwa na pasipoti ya Uingereza, simu zilianza kulia kutoka kwa wakubwa. Alhamisi saa tisa alasiri Ndinda akaenda Tononoka, akamtia Daktari Riyadh pingu, akampitisha katikati ya wagonjwa wake. Kuna mtu alipiga video. Kufikia magharibi mji mzima ulikuwa umeiona, na kufikia isha vijana walikuwa wamevunja kioo cha kliniki na kuandika MUUAJI mlangoni kwa rangi nyekundu. Sheria inasema mshukiwa afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kwisha, au aachiliwe. Yaani leo saa tisa. Na akishasomewa shtaka la kuua bila kukusudia, hata akishinda kesi baada ya miaka mitatu, ni nani tena atakayemfunulia mdomo?

Ndinda aliisoma ripoti mara mbili, kisha akamsomea Koplo Kitsao, Mgiriama wa Kaloleni aliyebakisha mwaka mmoja kustaafu.

"Damu ilivilia chini ya ulimi, ikauinua ulimi mpaka ukaziba koo. Haya tuliyajua. Sasa sikiliza hapa. 'Damu ya marehemu ilikuwa nyepesi kupita kiasi, kwa namna ionekanayo kwa watu wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda.'"

"Na zile chupa tulizobeba kutoka kliniki?"

"Ganzi. Ganzi tupu, wala haijapitwa na wakati."

Kitsao akakuna kidevu. "Basi, afande..." Akaliacha neno hewani, maana ni mtu wa adabu zake.

"Liseme tu."

"Nasema tulikwenda mbio."

"Mimi ndiye niliyekwenda mbio. Wewe ulinifuata kwa sababu ni kazi yako." Ndinda akaiweka ripoti chini. Moyo ulikuwa ukimuuma, na hakuona sababu ya kujifanya hauumi. "Sasa tufikiri, ndilo tulilopaswa kufanya jana. Dawa hii iliingiaje mwilini mwake? Ama alipewa kliniki, ama alikuwa akiimeza mwenyewe."

"Daktari wa meno atampa mtu dawa ya kumtiririsha damu kisha amtoboe taya? Hata mwendawazimu hafanyi."

"Basi alikuwa akiimeza mwenyewe. Lete ile orodha ya mizigo yake."

Kitsao ndiye aliyeiandika Jumatano, nyumbani kwa Aida, Mji wa Kale, ambako Bi. Mahira alifikia. Aida ni binti wa marehemu kaka yake Bi. Mahira. Akaisoma kwa sauti: madira kumi na manne, manukato chupa sita, viatu jozi nne, kanzu mpya ya kiume ndani ya karatasi, chokoleti, shali, Kurani, miwani miwili.

"Umeona kinachokosekana?" Ndinda akauliza.

Kitsao akairudia orodha kwa kidole. Alipofika mwisho akaguna. "Hakuna kidonge. Hata panadol hakuna. Afande, mamangu akienda Mazeras tu, siku mbili, hubeba mfuko wa dawa mzito kuliko nguo."

"Bibi wa miaka sitini na miwili anavuka bahari bila kidonge kimoja. Na sanduku alikufungulia nani?"

"Aida."

Ndinda akasimama. Alitaka kwenda Mji wa Kale moja kwa moja, lakini jana alikwenda moja kwa moja na matokeo yake yako selo. Safari hii akaanza na karatasi.

* * *

Wendy, karani wa kliniki, alikuwa akifagia vioo. Alipowaona polisi mlangoni akauegemeza ufagio ukutani, akasimama kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Habari ya asubuhi, Wendy. Nataka faili la Bi. Mahira."

Faili lilikuwa na picha ya taya, risiti, na fomu ya maswali kumi na mawili. Yote yalijibiwa kwa alama safi za kalamu ya buluu. La, la, la, mpaka chini. Swali la nne liliuliza kama mgonjwa ana maradhi ya moyo au anatumia dawa yoyote ya kila siku. La.

"Alama hizi ameziweka nani?"

"Mimi, afande."

"Kwa nini si yeye? Alikuwa na miwani miwili, mwanamke aliyesoma."

"Ndiyo utaratibu wangu kwa wazee wote," Wendy akasema. "Wengi wanakuja bila miwani. Ukimpa karatasi anaona haya kusema haoni, anaweka alama popote. Siku moja bwana mmoja aliweka alama kwamba ana mimba. Tangu hapo nawasomea mimi, wananijibu, najaza."

Kitsao alitaka kucheka, akajizuia.

"Unawasomea wapi?"

Wendy akaonyesha chumba cha kungojea. Viti kumi na viwili vilikuwa vimepangwa safu mbili zilizoelekeana, magoti kwa magoti.

"Hapa? Mbele ya watu wote?"

"Ndiyo."

"Kwa sauti?"

"Feni ina kelele, afande." Akajibu hivyo, kisha akasikia alichokijibu, na uso ukamwiva. "Sikuwahi kulifikiria hilo."

Ndinda akakaa kwenye kiti kimoja, akamwambia Wendy asimame alipokuwa amesimama Jumanne na amsomee swali la nne kama alivyomsomea marehemu. Wendy akasoma. Sauti yake ilifika mpaka barabarani, kwa muuza maji ya miwa aliyegeuka kutazama.

"Alijibu nani?"

"Bi. Ma..." Wendy akasita. Akafumba macho akumbuke. "Hapana. Hakujibu yeye. Alijibu yule dada aliyekuja naye. Alisema, 'La, shangazi hana ugonjwa wowote, alhamdulillahi.' Alisema upesi, kabla sijamaliza."

"Na shangazi mwenyewe?"

"Aliinamisha kichwa. Alikuwa akikunja pindo la buibui."

"Hukumuuliza yeye?"

"Nilidhani ni heshima." Machozi yakaanza kumtoka. "Mimi nimetoka bara, afande, nina miaka minne tu hapa. Nimeona wazee wa huku wakija na mtoto wao, mtoto ndiye anayesema. Sikutaka kuonekana sina adabu. Nikaweka alama. Daktari akaisoma alama yangu, na sasa yeye ndiye aliyefungwa."

Aliyemfunga Daktari alikuwa Ndinda, na wa kumfungua alikuwa yeye huyo huyo. Akaomba daftari la miadi. Jumanne saa nne kulikuwa na Bi. Mahira. Chini yake, saa nne na nusu, kulikuwa na Bi. Swafiya.

"Huyu alikuwa amekaa wapi?"

Wendy akaonyesha kiti kilichoelekeana na alichokalia Ndinda.

Jina hilo Ndinda alikwisha kulisikia. Alhamisi asubuhi, katika kuulizauliza, aliambiwa kwamba Bi. Mahira hakuja kwa ajili ya meno peke yake. Alikuwa ameposwa. Mzee Hussam, nahodha mstaafu wa bandarini aliyempenda tangu ujanani, alikuwa amuoe Ijumaa ya wiki ijayo, na meno yalikuwa ya kuchekea siku hiyo. Ndinda aliliandika pembeni kama jambo la kusikitisha lisilo na uzito. Mzee Hussam ana dada mmoja tu aliye hai, na dada huyo ndiye Bi. Swafiya.

"Kitsao," akasema, "twende msibani."

* * *

Siku ya tatu ya msiba, nyumba ilikuwa imejaa. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi yaliyoazimwa msikitini, wakingojea kwenda Ijumaa, na khitma ingesomwa baada ya alasiri. Mzee Hussam alikuwa miongoni mwao, kofia mkononi, ameinamisha kichwa. Watu walimpa mkono wa pole lakini kwa kusitasita, maana hawakujua wampe pole ya nini. Hakuwa mume bado. Kitsao akabaki nao. Ndinda akajitanda leso, akavua viatu, akapanda ngazi kwa wanawake.

"Makiwa."

"Yamepita," wakamjibu, na macho yote yakamfuata mpaka jikoni.

Aida alikuwa amekaa kwenye kibao mbele ya sinia la vitunguu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, mpishi wa keki za harusi, na uso wake ulionyesha kuwa hajalala siku nyingi. Ndinda akafunga mlango, akaketi kwenye gunia la mchele.

"Pole sana, Aida."

"Ahsante, afande."

"Jumatano ulimfungulia Koplo wangu sanduku la shangazi yako. Alikuta kila kitu. Hakukuta kidonge hata kimoja."

"Shangazi hakuwa mgonjwa."

"Sikuuliza kama alikuwa mgonjwa."

Aida akachukua kitunguu, akaanza kukimenya. Kitunguu chenyewe kilikuwa kimekwisha kumenywa. Akatoa tabaka moja la nyama yake, kisha la pili, na Ndinda akamwacha mpaka kikabaki kama gololi.

"Umeiona ile video?"

"Nimeiona."

"Basi umeniona na mimi. Nilimfunga yule mtu pingu mbele za watu kabla sijajua amefanya nini. Hilo ni langu, nitalijibu kwa wakubwa wangu na kwa Mungu wangu. Leo saa tisa anapandishwa kizimbani. Jana nilimfunga peke yangu, Aida. Lakini kama una neno na hulisemi, kuanzia sasa tunamfunga mimi na wewe."

Aida akakiweka kisu chini. Akaenda kwenye rafu, akashusha debe la unga wa mahamri, akauzamisha mkono mpaka kiwiko. Alichokitoa kilikuwa mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na kijisanduku cha vifuniko saba, kila kifuniko na jina la siku kwa Kiingereza, pamoja na kitabu kidogo cha manjano chenye jina la Bi. Mahira.

Ndinda akavifungua vifuniko kimoja kimoja. Cha Jumatano kilikuwa na kidonge. Cha Jumanne kilikuwa kitupu.

"Alikimeza cha Jumanne?"

"Baada ya isha. Mimi ndiye niliyempa maji." Sauti ya Aida ilikuwa kavu. "Mdomo ulikuwa umevimba, hawezi kunywea gilasi vizuri. Nikamshikia."

"Ulijua dawa hii ni ya nini?"

"Aliniambia ni ya moyo. Ulikuwa ukimpiga bila mpango. Kwamba inaifanya damu nyepesi, wallahi sikujua. Nimekisoma kitabu hiki Jumatano, tumeshamzika. Kimeandikwa waziwazi, kabla ya kung'oa jino mwambie daktari. Nimekisoma nikakaa chini hapa hapa. Kisha nikasikia Koplo wenu yuko mlangoni nikakitia ungani."

"Kwa nini ulisema hana ugonjwa?"

"Kwa sababu Bi. Swafiya alikuwa ametukodolea macho!" Aida akasema kwa nguvu, kisha akaishusha sauti, maana ukuta ule ulikuwa na masikio hamsini upande wa pili. "Afande, Mzee Hussam alimuuguza mkewe miaka saba kitandani mpaka akamzika. Mji mzima wasema hataki tena mke wa kuuguzwa. Na yule karani asimama anatangaza kama mwadhini, 'Una maradhi ya moyo?' Mbele ya wifi mtu! Ungekuwa wewe ungejibu nini? Shangazi yangu ameishi ugenini miaka yote ile, amezika mume kule kwenye baridi, na sasa amepata mtu wa kuzeeka naye kwao. Nikamfunika. Nilidhani akiingia ndani atamwambia daktari mwenyewe, faraghani. Kumbe ndani kulikuwa na karatasi, na karatasi nilikwisha kuidanganya mimi."

"Yeye hakusema kitu?"

"Alinifinya mkono." Aida akautazama mkono wake, wenye unga mpaka kiwikoni. "Nilipojibu, alinifinya mkono chini ya buibui. Nilidhani ananishukuru. Siku tatu hizi sifikiri kingine. Sijui alikuwa akinishukuru au akinikataza."

Mficha maradhi kilio humfichua, Ndinda alitaka kusema, akaona ni ukatili, akaumeza msemo wake. Alikuwa ametoa kalamu aandike maelezo mlango uliposukumwa. Bi. Swafiya aliingia bila kubisha, mwanamke mnene wa miaka sabini, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa. Leo sauti hiyo ilikuwa ndogo.

"Mwate mtoto, bibi. Nimesikia yote."

"Namwandika tu, Bi. Swafiya. Na wewe nilikuwa nakuja kwako."

"Basi niandike mimi kwanza." Akashika ukingo wa meza. "Aida, mwanangu, nalijua."

Aida hakuelewa. "Ulijua nini?"

"Moyo wa Mahira. Alimwambia Hussam mwenyewe, siku ile ile ya posa. Alimwambia, mimi ni mgonjwa, ukinitaka nitake hivyo. Hussam akasema anamtaka hivyo hivyo, na kila jioni yuwampigia simu amkumbushe dawa. Mahira akamuomba jambo moja tu, asiniambie mimi, nisije nikamdharau. Na ndugu yangu hana kifua. Usiku huo huo aliniambia."

"Kwa hivyo Jumanne, pale kliniki..." Ndinda akaanza.

"Nalimsikia mtoto akisema la. Nikajua si kweli. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Ningesema nini? Nimwambie mtoto wa watu muongo? Nimuumbue bibi harusi wetu mbele ya karani na watu kumi? Mahira angejua kuwa Hussam amemtoboa siri. Nikasema moyoni, wako wenyewe, watalisema ndani. Nikatazama feni." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nimekaa msibani kwake siku tatu, naletewa chai, naambiwa pole. Hata chai yenyewe hainipiti."

Aida alikuwa amemkazia macho. "Kwa hivyo mliyajua yote," akasema polepole. "Na mlimtaka hivyo hivyo."

"Twalimtaka, mwanangu."

"Basi nilimficha nani?"

Upande wa pili wa mlango mtu aliuliza kama vitunguu viko tayari. Bi. Swafiya akanyoosha mikono, na Aida akamwegemea na unga wake wote, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya maziko.

Ndinda aliandika maelezo ya wote wawili kwa mwandiko mdogo, akawasomea, wakatia sahihi. Aida aliuliza kama atafungwa. Ndinda akamwambia ukweli, kwamba kuficha ushahidi ni kosa, kwamba mwendesha mashtaka ndiye atakayeamua, na kwamba yeye ataandika kuwa ulitolewa kwa hiari. Hakumwahidi zaidi ya hapo.

* * *

Saa nane na dakika ishirini alikuwa kituoni. Akampigia mkubwa wake, akamsomea maelezo, akasikia upande wa pili pumzi ndefu na kisha maneno aliyoyataka: mwachilie. Akachukua bahasha yenye saa, mkanda na simu ya Daktari, akaagiza aletwe ofisini badala ya yeye kumfuata selo. Alifanya hivyo kwa heshima, na kwa sababu alitaka kumwomba radhi yeye akiwa amesimama wima na Daktari akiwa amekaa kitini kama mtu.

Daktari Riyadh aliingia miguu mitupu. Alikuwa mwembamba, wa miaka arobaini na tano, ndevu zilizochongwa vizuri Alhamisi na kuvurugika Ijumaa.

"Daktari, nilikukamata kabla ya ripoti kutoka," Ndinda akasema. "Nilikudhalilisha mbele ya wagonjwa wako. Nimekosa, nakuomba radhi, na nitalisema hilo kwa yeyote atakayeniuliza, hata kwa kamera. Bi. Mahira alikuwa akitumia dawa ya kuifanya damu nyepesi. Alijua yeye, alijua binti wa kaka yake, alijua na Bi. Swafiya. Watu watatu pale kliniki walijua, wakanyamaza. Wewe hukuambiwa. Uko huru."

Akaisukuma bahasha mbele yake. Daktari hakuigusa.

"Wanne," akasema.

"Nani wa nne?"

"Mimi."

Ndinda akadhani amechoka. "Fomu ilikwambia la. Nimeiona."

"Fomu ilisema la. Lakini nilipotoboa taya, damu ilitoka ikakataa kukoma. Mtu wa kawaida, ukimkandamizia pamba dakika kumi imetulia. Yake ilichukua dakika hamsini. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane, afande. Damu ile haikuwa ya mtu asiyemeza kitu. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, mama, kweli hutumii dawa yoyote? Akamtazama yule binti aliyekuja naye, amesimama mlangoni, akatikisa kichwa. Nikajua ananidanganya."

"Ungemtoa yule binti nje."

"Ningemtoa. Na mama mwenyewe ningemtia kwenye tuktuk akapimwe damu hospitali, robo saa tu. Lakini Bi. Swafiya alikuwa kitini pale nje, na posa ile nani asiyeijua? Ningemtoaje, mbele ya wifi yake, kumpeleka hospitali, watu wasiulize ana nini? Nikasema, nimsitiri. Nikamfunga pamba, nikampa namba yangu, nikamwambia akiona damu anipigie saa yoyote. Nilikaa na simu mkononi mpaka saa sita za usiku. Haikulia. Nikamshukuru Mungu, nikalala."

Ndinda alihisi kitu kikilegea kifuani, na kabla hajakizuia alikitambua kuwa ni unafuu. Hakuwa amekosea. Pingu zake hazikumshika asiye na lawama, na ile video isingemsuta tena. Kisha haya zikampanda mpaka masikioni. Mwanamke amezikwa, mtu anajifunga kwa ulimi wake mwenyewe mbele yake, na yeye yuko hapa anashangilia moyoni. Akashindwa kumtazama usoni, akaitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na tano.

"Daktari," akasema, "maelezo haya sikukuomba. Hakuna mwingine aliyeyasema wala atakayeyasema. Sheria inanitaka nikwambie, una haki ya kumwita wakili. Na una haki ya kunyamaza."

"Kunyamaza?" Daktari Riyadh akauliza. Aliisukuma bahasha mpaka ikarudi upande wa Ndinda. "Afande, pale kliniki tulinyamaza watu wanne. Andika."

Ndinda akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe.